Kombe la Siyu

Siwa mbili za Makumbusho ya Lamu, moja ya shaba na moja ya pembe ya ndovu, zimewekwa mahali ambapo mgeni mwenye haraka anaweza kuzipita akakimbilia mifano ya majahazi. Mimi nilisimama mbele yake mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama kuna nililopoteza. Nimekulia Tanga, na jina la siwa nililisikia kwa wazee waliokuwa wakisimulia harusi za zamani. Sikuwahi kuiona kwa macho.

Ile ya pembe ni ya Pate, kazi ya karne ya 17. Hupulizwa ubavuni, na zamani hapakuwa na shughuli ya wakubwa iliyotimia bila sauti yake, iwe harusi, jando au kutawazwa kwa mfalme. Aliyenyimwa siwa alikuwa amenyimwa heshima mbele ya mji mzima. Kisa chake kimo katika Habari za Pate, masimulizi ya wafalme wa Kinabahani ambayo wengi waliyapokea kutoka kwa mzee Muhammad bin Fumo Omar, maarufu kwa jina la Bwana Kitini. Anaeleza kwamba Mwana Darini, mwanamke wa ukoo wa kifalme, alitaka kumfanyia mwanawe jando, akaomba siwa, akanyimwa. Basi akamwita fundi hodari, Mwenyi Bayayi, akampa kazi ya kumchongea siwa ya pembe. Fundi akaichonga kwa siri nyumbani kwake hadi ikakamilika, na siku ya shughuli ikalia.

Je, ni kweli? Swali hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Kila mji wa pwani yetu una kitu kikongwe na kila kitu kikongwe kina kisa, na nilitaka kujua kisa kinaanza wapi kuachana na kitu chenyewe. Kwa siwa hii nimeridhika na jambo moja ambalo ni adimu sana: fundi anatajwa kwa jina. Katika makumbusho niliyowahi kutembelea, kiti ni cha sultani, upanga ni wa liwali, mlango ni wa tajiri fulani. Aliyekaa na tezo na msasa hana jina. Msimulizi aliyetaka kumpamba Mwana Darini tu angeweza kumwacha Mwenyi Bayayi pembeni na hadithi isingepungua utamu. Kwamba jina lake lilibebwa mdomoni kwa vizazi vyote hivyo kunanifanya niamini kuwa watu wa Pate walimjua na walimheshimu.

Nje, katika vichochoro, visa ni vingi zaidi na uangalifu ni mdogo. Kijana mtembeza wageni alinionyesha mlango wa nakshi ambao fremu yake imechongwa mnyororo. Akasema, hii ni alama ya nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa. Hatua chache mbele, mzee aliyekuwa akinywa kahawa barazani, na ambaye mlango wake una mnyororo uleule, aliniambia mnyororo ni wa kufungia shari nje. Wote wawili walisema kwa yakini. Nilipomuuliza mzee mlango umekuwa hapo tangu lini, akasema baba yake aliununua kutoka nyumba nyingine iliyobomoka. Hapo nikaona ugumu wa kazi ya anayetaka ukweli wa nyumba za kale: mlango husafiri. Hung'olewa, huuzwa, hupachikwa kwingine, na kisa cha nyumba ya kwanza hubaki kwenye kifusi huku nyumba ya pili ikiutungia kisa kipya.

Nyumba yenyewe haisafiri, na ndiyo maana naiamini zaidi. Lamu kuna nyumba ya karne ya 18 iliyohifadhiwa kama makumbusho, na nilishinda humo asubuhi nzima. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, na sababu yake imo darini: paa linabebwa na boriti za mikoko, na mkoko hauvuki upana wa chumba cha kama mita tatu. Hakuna tajiri aliyeweza kuamuru chumba kipana kuliko mti. Unatoka uani, unaingia msana wa nje, kisha msana wa ndani, kisha ndani kabisa, na kila ukiingia sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Ukuta wa ndani umejaa zidaka, safu juu ya safu, zilizofinyangwa kwa chokaa. Humo ndimo zilimopangwa sahani na mabakuli ya kigeni.

Msimamizi alinipeleka chooni kunionyesha birika la maji. Chini kabisa, katika sakafu ya birika, limejengewa bakuli la kauri. Samaki wadogo walifugwa humo wale viluwiluwi vya mbu, na maji yakipungua, bakuli liliwabakizia pa kuogelea. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia zidaka zote. Bakuli lililovuka bahari lilikuwa na kazi ya kuwaokoa samaki, na samaki walikuwa na kazi ya kuwaokoa watu na homa.

Lakini nyumba hiyo pia ina ukimya wake. Chokaa ile ilichomwa kwa matumbawe na kuni nyingi za mikoko, mawe yalikatwa na kubebwa, na mtama na ufuta uliolipia starehe zile ulilimwa ng'ambo, bara, na watumwa. Kila anayekutembeza Lamu atakwambia nani alikaa katika nyumba. Nilimuuliza msimamizi nani aliichoma chokaa. Alifikiri, akasema, "Hilo, dada yangu, hatuulizwi." Nimeliandika hapa kwa sababu naona ndilo swali ambalo wageni na wenyeji tunapaswa kuanza kuuliza.

Safari ya kwenda kisiwa cha Pate haifuati saa, inafuata maji. Njia inapita Mkanda, mfereji mwembamba kati ya misitu ya mikoko, na maji yakitoka, chombo hukaa kwenye tope. Nahodha wetu alikuwa na mzigo wa unga, magodoro, soda na mbuzi mmoja, na alitusubirisha gatini bila kuomba radhi kwa sababu mwezi hauombewi radhi. Abiria walifungua vyakula. Nilipewa mkate wa mofa wenye joto bado, mgumu pembeni na laini katikati, na kipande cha samaki wa kukaanga. Kwetu Tanga mofa umekuwa chakula cha kutafutwa, mpaka ujue nyumba ya bibi fulani anayeoka. Kule uliuzwa gatini kama kashata zinavyouzwa kwetu.

Siyu utaijua kwa ngome yake. Imesimama mbele ya hori, na maji yakijaa huakisi kuta. Katika karne ya 19 mji huu uliwasumbua sana masultani wa Unguja. Majeshi ya Seyyid Said yalipigwa hapa, na jina la Bwana Mataka, kiongozi wa Siyu, bado hutajwa kwa fahari barazani. Lakini wenyeji hawakuishi kwa vita. Walikuwa mafundi: waliandika misahafu kwa mkono ambayo leo wataalamu wanaisoma kwa mshangao, walichonga milango, walishona makubadhi ya ngozi. Makubadhi bado yanashonwa. Nilinunua jozi kwa fundi aliyekuwa amekaa chini na kibao mapajani, na yeye ndiye aliyenielekeza kwa bibi mwenye kombe.

Bibi alikuwa akisuka mkeka uani. Nilimwamkia, nikamweleza nilikotoka, akauliza habari za Tanga kana kwamba ni mtaa wa pili, kwani mjomba wake alikuwa baharia aliyekuwa akifika huko. Chakula kikaja kabla ya mazungumzo: wali wa nazi, mchuzi wa samaki wenye ukwaju, na chai ya maziwa yenye iliki. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwa kanga mbili.

Ilikuwa sahani kubwa, ya duara, ya aina ambayo watu wa pwani huita kombe. Ukingoni ina maua mekundu na ya buluu yanayojirudia. Bibi akaeleza kwamba ilitoka China na watu wa kale waliovunjikiwa na chombo karibu na Shanga, wakaokoka, wakasilimu, wakaoa hapa. Kisa hicho si chake peke yake. Siyu na Pate zina koo zinazojinasibu na mabaharia wa Kichina, na watu wengi huwaunganisha na misafara ya jemadari Zheng He, aliyevuka Bahari ya Hindi kati ya 1405 na 1433 na ambaye merikebu zake zilifika mpaka pwani yetu. Mwaka 1999 gazeti moja kubwa la Marekani lilikitangaza kisa hicho duniani. Mwaka 2005 binti mmoja wa kisiwa hiki alipewa ufadhili wa kwenda kusoma China kwa nasaba hiyo. Wapiga mbizi wa China na Kenya wametafuta baharini mabaki ya chombo hicho kilichovunjika.

Nikamwomba bibi ruhusa ya kuigeuza. Akanipa mwenyewe, akiishika kwa chini.

Kitakoni palikuwa na mhuri uliofifia: mnyama mwenye mwili wa simba na uso wa mtu, na herufi za Kizungu. Petrus Regout. Maastricht. Nilijua ninachokiona, kwa kuwa wachimbaji wa mambo ya kale wamevikuta vigae vya namna hii Unguja, Pemba na kwingi pwani. Regout alikuwa mwenye kiwanda katika mji wa Maastricht, Uholanzi. Kazi ya vyombo vya udongo aliianza katika miaka ya 1830. Viwanda vya huko vilipamba sahani za bei nafuu kwa mihuri iliyokatwa kwenye sponji, ua moja likigongwa ukingo mzima, na rangi zikachaguliwa kwa kufuata walivyopenda wanunuzi wa ng'ambo. Kati ya merikebu ya mwisho ya Zheng He na sahani hii kuna miaka mia nne na zaidi.

Sikutaka kumficha na sikutaka kumvunja moyo. Nikamwambia polepole, nikimwonyesha herufi moja moja. Alisikiliza, akaichukua sahani, akaitazama chini kwa makini.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikukwambia imetoka China. Nimekwambia mama yake mama yangu alisema imetoka China. Alilosema ni lake. Langu mimi ni hili." Akaweka kidole katikati ya sahani.

Katikati mng'aro umekwisha. Kuna duara lililochujuka, halina ung'avu, kama shavu la mtu aliyelia sana. Bibi akaeleza kwamba hapo ndipo babu yake, na baada yake kaka yake, walipokuwa wakiandika aya kwa zafarani iliyoyeyushwa kwa marashi, kisha maandishi yakaoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa. Wengine wanalikataa jambo hilo siku hizi, akasema, na hospitali ipo, na yeye mwenyewe huwapeleka wajukuu hospitali. Lakini alinitajia walionywea sahani ile. Mama aliyekuwa na uchungu siku mbili kabla ya mtoto kuzaliwa. Kijana aliyeota ndoto mbaya. Yeye mwenyewe, alipokuwa mdogo, mwaka wa ugonjwa ambao ulimchukua dada yake. Alitaja majina, mtaa, na matokeo, wengine walipona na wengine hawakupona, bila kuongeza chumvi. Nilikuwa nimekuja na swali la sahani ilitoka wapi. Yeye alikuwa na jibu la sahani ilifanya nini, na jibu lake lilikuwa na mashahidi.

Nilimuuliza kama ataiuza. Wanunuzi wa vitu vya kale hufika mpaka huko, akaniambia. Mmoja alimpa bei aliposikia neno China. Hakuuza. Jirani yake aliuza zote, na nyumba yake sasa ina zidaka zenye chaja za simu na chupa za mafuta ya nywele.

Siku iliyofuata nilikwenda Shanga kwa miguu, kijana wa Siyu akinitangulia kati ya mashamba na minazi. Magofu yamo msituni karibu na ufuo: msikiti wa Ijumaa, makaburi ya nguzo, kuta za nyumba zilizoshikwa na mizizi. Hapa, katika miaka ya 1980, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa mawe. Akakuta msikiti mwingine chini yake, na mwingine chini ya huo, mpaka akafika kwenye matundu ya miti ya kijumba kidogo cha ibada cha karne ya 8. Watu wa Shanga waliswali hapa miaka mia sita kabla ya Zheng He kuzaliwa, na mji ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15, takriban wakati zile merikebu zilipokuwa zikifika pwani. Basi mji huu hauna haja ya kupewa waasisi kutoka kwenye merikebu iliyovunjika. Waasisi wake walikuwa wameshazikwa na makaburi yao yameshasahaulika.

Na bado China ilikuwapo. Miguuni mwangu palikuwa na kigae cha kijani kibichi, chembamba, chenye mng'aro wa maji ya kina. Ni kauri ya Kichina, na iko nyingi Shanga, ya zamani kuliko Zheng He kwa karne kadhaa. Ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa bandari nyingi kabla ya kushushwa hapa. Nilikiacha pale pale. Kigae kikitolewa ardhini mwake hakiwezi tena kusema kilikuwa katika tabaka gani. Bibi yake bibi yangu wa Siyu alikosea sahani, lakini hakukosea kwamba watu wa kisiwa hiki walikula katika vyombo vya China.

Ninawasihi wenzangu wa elimu ya kisasa wasiwe wepesi kucheka visa. Kwa miaka mingi wataalamu walipuuza masimulizi ya pwani kuhusu wageni kutoka Uajemi, wakisema ni majivuno ya watu waliotaka nasaba ya mbali. Mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka makaburi ya pwani, Faza ya kisiwa hiki hiki ikiwamo. Ikaonekana kwamba kuanzia takriban mwaka 1000 wanaume wenye asili ya Uajemi walizaa na wanawake wa Kiafrika hapa pwani, na damu ya akina mama hao ni nusu au zaidi ya urithi wa wengi waliopimwa. Masimulizi yaliwakumbuka akina baba. Akina mama, ambao lugha hii ninayoandika ni yao, yaliwasahau, na imebidi mifupa iwataje.

Nikiwa Shanga niliikumbuka Tongoni, kusini kidogo ya mji wetu wa Tanga, ambako Vasco da Gama aliichoma merikebu yake moja, São Rafael, mwaka 1499. Tongoni nako kuna makaburi ya nguzo. Yana mashimo ya duara yaliyokuwa yamepachikwa mabakuli, na mabakuli yameng'olewa yote. Nilipokuwa shule tulipelekwa kutembea pale, na mwalimu akatuonyesha mashimo. Hakuna aliyeweza kuyageuza yaliyokuwamo akasoma kitakoni.

Nilirudi kwa barabara, ambayo sasa ina lami. Tulipita Witu, mji ambao Waingereza waliupiga mabomu mwaka 1890, na inasemekana nakala ya asili ya Habari za Pate ilipotea katika mapigano hayo. Kisa cha Mwana Darini na fundi wake kimetufikia kwa sababu Bwana Kitini alikuwa nacho kichwani.

Karibu na Garsen alipanda mzee wa Kipokomo akakaa kando yangu. Aliposikia nilikotoka na nilichokuwa nikitafuta, akaniambia habari za Ngadji, ngoma kubwa ya wazee wao, iliyokuwa ikisikika mbali kando ya mto Tana na ambayo mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuiona. Maofisa wa kikoloni waliichukua mwanzoni mwa karne iliyopita. Tangu 1908 imo katika British Museum, London, ghalani. Alizaliwa baada ya ngoma kuondoka, na baba yake vilevile hakuwahi kuisikia. Anajua ilipigwa wakati gani na ni nani aliruhusiwa kuisogelea. Hajui sauti yake.

Akaniuliza kuhusu siwa ya Pate. Iko wazi, watu wanaiona? Nikamwambia wanaiona. Na watoto wa shule? Nao pia, nilikuta darasa zima pale. Akauliza kama mtoto wa Pate akitaka kwenda kuitazama atalipa nauli kiasi gani. Nikamtajia nauli ya mashua. Akahesabu kwa vidole, akatingisha kichwa kwa kuridhika, akasema hiyo mtoto anaweza kuchangiwa.